Baba yuko kambini, mtoto yuko Igogo: matunzo yahesabiwe kwa giza, si kwa mwisho wa mwezi

#1 Binti wa Igombe

Wakuu, poleni na kazi. Uzi wangu ni mrefu kidogo, na ningependa sana uwafikie wanaoijua mialo ya huku, yaani fukwe za kupakulia samaki, kwa miguu yao.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Mwanza. Nimekulia Igombe, mama yangu alikuwa anaanika dagaa, kwa hiyo haya niliyaona utotoni kabla sijayakuta kazini. Jumatatu iliyopita nimefika ofisini saa moja na nusu asubuhi, nikakuta akina mama watano kwenye benchi. Mmoja alifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wanne waliobaki walikuja kwa ajili ya matunzo, na wanaume wote wanne wako visiwani, Ziwa Victoria: mmoja Kome, mmoja Ukara, mmoja anasemekana yuko Goziba, na wa nne simu yake haipatikani tangu mvua zianze.

Kwa msio wa huku, naomba nieleze kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi ama wanarudi kwao ama wanabaki kambini wakila kwa mkopo. Giza likirudi, kazi inarudi. Kambi nyingi tajiri, yaani mwenye mitumbwi, na watu wake wanakaa kufanya hesabu giza linapoisha. Hiyo ndiyo siku ambayo mvuvi anashika hela.

Sasa angalieni makubaliano tunayoandika ofisini. "Baba atatoa shilingi 80,000 kila mwisho wa mwezi." Mwezi upi? Giza halifuati kalenda ya ukutani. Linasogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kama Ramadhani inavyosogea. Ukiandika tarehe ambayo leo inaangukia siku ya hesabu, baada ya nusu mwaka tarehe ileile inamkuta mtu ameshamaliza siku tano sita hana kazi na hela imekwenda. Anakosa mara ya kwanza, anaona aibu. Anakosa mara ya pili, anazima simu. Mama anarudi kwangu kusema baba amekataa mtoto, na yeye huko kambini anawaambia wenzake kwamba ustawi wanamwinda. Mtoto yuko Igogo, hapa mjini, kwenye chumba kimoja, mlimani kati ya mawe, hajui kama kuna giza wala mbalamwezi. Anajua tu kwamba leo uji haukupikwa.

Wapo wanaume wabaya, sitetei. Nimekutana na mmoja aliyenunua injini mpya wakati mwanawe amelazwa. Lakini katika mafaili niliyoyashika mwenyewe, makubaliano mengi zaidi yamevunjika kwa sababu yaliandikwa kana kwamba baba ni mtumishi wa serikali.

Kuna faili moja nalitumia kama mfano, bila majina. Baba yuko Kome, mama yuko Igogo na watoto wawili. Makubaliano ya kwanza yalikuwa 80,000 kwa mwezi, yakafa mwezi wa pili. Nilipompata baba kwa simu ya mwenzake nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Hesabu yenu mnafanya siku gani?" Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunieleza. Tukaandika upya: 50,000 kila giza, zitumwe kwa simu siku ileile ya hesabu kabla hajavuka kwenda popote, na ndoo moja ya dagaa wakavu kwa boti ya abiria kila giza la kiangazi. Wakati wa masika hakuna ndoo, maana dagaa hawakauki, wanaoza mchangani na kuishia chakula cha kuku. Katika giza kumi zilizofuata alitoa mara nane. Mara ya tisa alipiga simu mwenyewe kabla ya siku kufika, akasema upepo umewatesa, atafidia. Akafidia.

Kisheria hakuna kinachozuia hili. Zamani tulikuwa na sheria ya watoto wa nje ya ndoa iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, wakuu. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta, na sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mzazi huyo, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Sheria ikisema tuangalie kipato, kipato cha mvuvi kina majira yake, na majira hayo ni sehemu ya ukweli wa kipato hicho.

Na la pili, ambalo linaniuma zaidi. Pale mwaloni mkusanya ushuru anafika kabla ya jua. Kila ndoo inayopita anaijua. Afisa ustawi yuko mjini, na mama mwenye mtoto mgongoni analipa nauli kumfuata. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, wana daftari la mitumbwi na wavuvi. Kwa hiyo halmashauri zetu tayari zinajua baba huyu yuko wapi, anavulia mtumbwi wa nani, na mwalo gani. Zinajua kwa ajili ya ushuru na leseni. Kwa ajili ya mtoto, hazijui.

Naomba mawazo yenu, hasa ya wavuvi wenyewe.

#2 Mzee wa Karabai

Binti, salama? Nimevua miaka zaidi ya thelathini, tangu enzi za karabai za mafuta ya taa mpaka hizi taa za jua na betri. Ulichokisema kuhusu giza ni kweli tupu, na nimefurahi kwamba kuna mtu wa ofisini anayekijua.

Lakini nikueleze na hiyo hesabu, maana watu wanadhani mvuvi anabeba magunia ya fedha. Kwa kambi nilizopita mimi, kwanza zinatoka gharama: mafuta ya injini, chakula, betri, mara nyavu imechanika. Kinachobaki tajiri anachukua sehemu yake kubwa, mara nyingi nusu. Inayobaki tunagawana wote tulio mtumbwini. Halafu kwenye fungu lako mwenyewe linakatwa deni la mbalamwezi, kile ulichokula wakati hakuna kazi. Nimewahi kumaliza giza zima, siku ishirini za kulowa usiku kucha, nikaondoka na hela ya nauli tu.

Kwa hiyo naogopa jambo moja. Nimesikia mahali wanataka matajiri wawe wanakata matunzo wenyewe na kuyatuma. Msifanye hivyo. Tajiri akishika hela ya mtoto wako amekushika shingo. Atasema ametuma, kumbe ameweka kwenye deni. Na hutaweza kuhama kambi.

Kuhusu vijana wenye mwanamke kila mwalo, hilo lipo na sisi wazee tumelinyamazia. Kijana anafika mwalo mpya, anatafuta mtu wa kumpikia na kumfulia, mwaka haujaisha ana mtoto, samaki wakihama na yeye anahama.

#3 Mama Mapacha

Dada Binti, nimesoma machozi yananitoka. Mimi ni mmoja wa hao wa kwenye benchi, siyo benchi lako, la sehemu nyingine.

Nina mapacha wa miaka sita. Baba yao tuliishi naye mwaka mmoja na miezi mitatu, akaenda visiwani, akawa anarudi, halafu akaacha kurudi. Nilipoanza kufuatilia, ofisi ya kwanza waliniomba cheti cha ndoa. Sina. Ofisi ya pili wakasema nilikwisha kuwa mke kwa sababu tuliishi zaidi ya miezi sita, kwa hiyo niende baraza la kata nikasuluhishwe. Nilienda mara nne. Siku ya kwanza wajumbe hawakutimia. Siku ya pili mwito haukumfikia. Siku ya tatu mvua. Siku ya nne mzee mmoja wa baraza akaniambia nivumilie, mwanaume akichoka atarudi. Kila siku ya kwenda nilikuwa siuzi. Nauza mihogo na dagaa wa kukaanga, nisipouza leo, kesho sina mtaji.

Sasa mashangazi wa upande wa baba wamenitumia ujumbe kwamba watoto wakifika miaka saba wanakuja kuwachukua kwa sababu sheria ndivyo inavyosema. Wanatimiza mwezi wa tisa. Silali. Ni kweli hiyo sheria?

#4 Binti wa Igombe

Mama Mapacha, si kweli. Naanza na hilo ili leo ulale.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni vema awe na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Basi. Haisemi popote kwamba akifika saba anahamia kwa baba. Watu wamechukua nusu ya kifungu wakaitungia nusu nyingine, na nusu hiyo ya kutunga imewanyang'anya wanawake wengi watoto wao hapa Kanda ya Ziwa. Baada ya miaka saba kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto: nani amekuwa akimlea, atasoma wapi, yeye mwenyewe anataka nini. Mashangazi wakija bila amri ya mahakama, hawana haki ya kumchukua hata mmoja. Ukiona wanataka kutumia nguvu, nenda kwa mtendaji wa mtaa au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, siku hiyohiyo.

Mzee wangu wa Karabai, shikamoo. Umenigusa pabaya, maana katika makubaliano mawili nilimweka tajiri awe shahidi. Nilidhani nimefanya jambo la maana. Ngoja nikae na hilo.

#5 Wakili wa Mabatini

Niongezee kidogo kwa upande wa sheria, maana yaliyompata Mama Mapacha yanawapata wengi.

Miezi sita haipo kwenye sheria yoyote. Kinachosemwa na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ni miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja, tena mpaka jamii iwe inawatambua kama mume na mke, na hata hapo ni dhana tu inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini nasisitiza, kwa matunzo ya mtoto yote haya hayahusiki. Mtoto hadai kwa sababu mama yake aliolewa. Anadai kwa sababu ana baba. Sheria ya Mtoto haimbagui aliyezaliwa nje ya ndoa.

Baraza la usuluhishi ni njia ya wanandoa wanaokwenda kuomba talaka. Shauri la matunzo halina haja ya kupita huko. Ustawi wakishindwa kuwapatanisha, linakwenda Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kuisaidia mahakama. Baba akikana mtoto, kipimo cha vinasaba kinaweza kuombwa, na anayepima ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Zile safari nne za baraza hazikuwa na sababu yoyote ya kisheria, mama. Pole sana.

Na kwa wanawake walioolewa wanaoanika dagaa wakati mume anavua, halafu ndoa ikivunjika wanaambiwa mtumbwi ni wa mwanaume kwa sababu jina ni lake: someni shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Pale ilikubalika kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, mahakama iliona alikwisha kupewa fungu lake kabla, ila mlango aliufungua kwa wote waliokuja nyuma yake. Na kama kufua na kupika ni mchango, kuanika magunia ya dagaa juani na kuyapeleka Kirumba Mwaloni kuuza ni mchango mara mbili.

#6 Kijana wa Pasiansi

Mimi ni baba, na naomba nisikilizwe pia. Sivui, napakia mizigo. Natuma hela kila wiki, jumbe za simu zote ninazo. Lakini mtoto sijamwona tangu mwaka jana. Nikienda naambiwa amelala, amekwenda kwa bibi, anaumwa. Nikichelewesha siku mbili napigiwa simu na matusi. Nilikwenda ustawi mahali fulani, wakaniambia "wewe toa hela, mengine yatajipa". Hayajajipa. Mtoto ana miaka minne na hanijui sauti.

#7 Binti wa Igombe

Pole sana ndugu yangu. Jibu ulilopewa halikuwa sahihi, na nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu.

Matunzo na kumwona mtoto ni haki mbili, na zote mbili ni za mtoto. Mama hawezi kumficha mtoto kwa sababu hela imechelewa, na baba hawezi kuzuia hela kwa sababu amefichwa mtoto. Sheria ya Mtoto inakuruhusu kuomba mahakama ikupangie siku za kumwona. Anza kwa afisa ustawi mwingine, omba yaandikwe: siku gani, saa ngapi, wapi. Kama nyumbani kuna ugomvi, mkutane kwa mjumbe au kanisani au msikitini mpaka mzoeane. Hizo jumbe za simu usizifute hata moja.

Hapa ndipo naona makosa yetu wana ustawi. Tumejifunza kumwona baba kama mkoba wa fedha, halafu tunashangaa akitoweka. Yule wa Kome, katika makubaliano mapya tuliandika pia kwamba mbalamwezi atakuja kukaa na watoto siku tatu. Mama alikubali kwa shida. Mimi nadhani, na siwezi kulithibitisha kwa karatasi, kwamba zile siku tatu ndizo zilizomfanya atume hela, kuliko sahihi yake kwenye fomu.

#8 Mwalimu wa Visiwani

Nafundisha shule ya msingi Ukerewe. Mmezungumza mama, mmezungumza baba. Naomba mumtaje na bibi.

Darasani kwangu watoto wengi wanaishi na bibi. Baba yuko Goziba au amevuka mpaka kwenda Uganda, mama amekwenda Mwanza mjini kutafuta. Na wapo ambao baba hayuko popote. Ajali ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 ilichukua zaidi ya watu 220 pale karibu na Ukara, na waliowalea yatima wale ni akina bibi na akina shangazi hawahawa.

Ada haipo, hilo nashukuru. Lakini daftari lipo, sare ipo, uji wa shule upo. Mtoto ambaye bibi yake hana, giza likiingia anakwenda mwaloni alfajiri kupakua na kuanika, analipwa kibakuli cha dagaa. Anafika darasani saa nne amelala. Siku nyingine hafiki kabisa.

Halafu tazameni hii. Bibi huyo yuko kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF. Sharti la mpango ni mtoto ahudhurie shule asilimia 80 ya siku. Mtoto akienda mwaloni kutafuta mboga kwa sababu ruzuku haikutosha, mahudhurio yanashuka, na ruzuku inakatwa. Mimi ndiye ninayejaza hiyo fomu ya mahudhurio. Kila nikiandika kwamba hakuwepo, najua ninamwandikia nani. Sitaki kudanganya fomu, ni kosa. Na kuandika ukweli kunauma.

#9 Mdau wa Musoma

Ahsanteni kwa mjadala. Nitakuwa tofauti kidogo.

Naona mnazunguka mlango. Samaki wamepungua, huku kwetu Mara ni hivyohivyo. Ukimbana mvuvi maskini atoe 50,000 kila giza, unahamisha umaskini kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Tatizo ni kwamba mama hana kipato chake. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ndiyo dawa. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Wapeni akina mama hawa mtaji wakaushie dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, wauze kwa bei nzuri, hutawaona tena kwenye benchi.

#10 Binti wa Igombe

Mdau, nakubali nusu na nakataa nusu.

Vichanja nakubali kwa moyo wote. Dagaa wa kichanja hana mchanga, anakauka haraka, bei yake si sawa na wa chini. Mama yangu angekuwa na kichanja tungesoma wote sita, si wawili.

Ila mkopo ni deni. Hata bila riba, ni deni. Unamwambia mwanamke aliyeachiwa watoto wawili: kopa, fanya kazi mara mbili, rejesha, ulee, na yule mwenzako mwacheni. Mkopo wa halmashauri hauwezi kuwa baba wa mtu. Na nimeona vikundi vyenye akina mama wanaolea peke yao vikishindwa marejesho kwa sababu mtoto mmoja aliugua wiki mbili. Mwenye mwenza anayechangia hata ndoo ya dagaa anarejesha. Kwa hiyo mimi nasema matunzo kwanza, mtaji juu yake.

Mvuvi maskini simbani. Ndiyo maana kiwango kinatoka kwenye hesabu yake mwenyewe. Kuna niliyemwandikia 20,000 kila giza. Mama alilia kwamba ni kidogo. Ni kidogo kweli. Lakini 20,000 inayokuja inanunua unga. 80,000 ya kwenye karatasi hainunui kitu.

Mwalimu, nimesoma ulichoandika mara tatu. Kuna mawili tunaweza kufanya. La kwanza, bibi anaweza kudai matunzo. Watu hawajui. Siyo lazima awe mama, ndugu anayeishi na mtoto anaruhusiwa kupeleka ombi, na hata afisa ustawi anaweza kulipeleka kwa ajili ya mtoto. Baba akiwa Goziba ni Muleba, mkoa wa Kagera, na mimi siwezi kuvuka huko kwa pikipiki yangu, lakini naweza kumwandikia mwenzangu wa kule na yeye akampitia mtendaji wa kijiji. La pili, usijaze fomu peke yake. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo kipindi cha giza, mjulishe afisa ustawi wa kata kama yupo, au mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ili tukiandika kwamba hakuwepo, tuwe tumeandika na kwa nini. Na ukiona anafanyishwa kazi za kumuumiza, 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Najua nimesema "kama yupo". Kata nyingi hazina. Mimi mwenyewe nina kata tatu.

#11 Mzee wa Karabai

Marahaba binti yangu. Nimezungumza na wenzangu wawili, mmoja aliwahi kuwa mwenyekiti wa BMU. Tumefikia hivi.

Tajiri asiwe shahidi. Shahidi awe kiongozi wa BMU wa mwalo, maana yeye huchaguliwa, na ukihama mwalo anaweza kumwambia mwenzake wa mwalo unakokwenda. Fedha itume mwenyewe mvuvi, kwa simu yake. Lakini tajiri aandike mstari mmoja tu na kuweka sahihi: siku ya hesabu, fungu la mtoto lisikatwe deni la mbalamwezi. Deni lisubiri giza linalofuata. Tajiri anaweza kusubiri, ana mitumbwi mitatu. Mtoto hasubiri.

Na zile hesabu zisiandikwe tarehe. Andikeni "siku ya hesabu, isizidi siku mbili". Kila mvuvi ataelewa.

Jambo la mwisho, vijana wengi wanaogopa ofisi. Barua ya wito ikifika kambini yenye mhuri, wanadhani ni polisi, mtu anapanda boti usiku huohuo. Aende mtu azungumze kwanza.

#12 Mama Mapacha

Baba yangu Mzee wa Karabai, Mungu akuweke. Dada Binti, nikija kwako nije na nini? Baba watoto nimesikia yuko kambi moja upande wa Kome, jina la kambi ninalo.

#13 Binti wa Igombe

Mzee, huo mstari wa deni kusubiri sikuuwaza, na nimekaa na mafaili haya miaka. Nimeuandika tayari kwenye fomu ninayotumia, kwa maneno yako. Yale makubaliano mawili yenye sahihi ya tajiri naanza kuyabadili wiki hii.

Mama Mapacha, njoo na kadi za kliniki za watoto au vyeti vya kuzaliwa, chochote ulicho nacho. Njoo na simu yenye jumbe zake za zamani, hata zile za "nimekutumia ya sukari", maana zinaonyesha alikuwa anawatambua. Njoo na ule ujumbe wa mashangazi. Cheti cha ndoa sikihitaji. Ukiwa na hesabu ya matumizi ya wiki moja ya nyumbani, kodi, unga, mkaa, shule, iandike hata nyuma ya daftari. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye siku na mahali. Ni saa nane mchana, ukishamaliza kuuza.

Kome nitakwenda mwenyewe. Daraja la Kigongo hadi Busisi limetupunguzia foleni ya kivuko, lakini ukifika Nyakaliro bado kuna maji ya kuvuka, kwa hiyo ni safari ya siku mbili na mafuta nayaomba. Nimeangalia anga jana usiku, mwezi umeshakuwa mdogo. Nikienda sasa hivi watakuwa majini usiku na wamelala mchana. Nitasubiri giza hili liishe, nifike siku wanakaa kwenye hesabu, bila barua na bila mhuri. Mzee wangu, kama kuna mtu wa BMU upande ule unayemfahamu, naomba umpigie kabla sijafika, asije akaanza kuwatawanya watu.

#14 Mzee wa Karabai

Yupo. Nampigia kesho alfajiri wakirudi pwani.